Komenti za watazamaji kwenye skrini: moja moja, na kwa mkono wa mtu

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi na mdogo wangu tuna kipindi cha uchambuzi wa soka kila Jumamosi usiku. Tunarusha laivu YouTube na Facebook kwa pamoja, kwa OBS (programu ya bure ya kurushia video), kutoka hapa Morogoro. Tumeweka gumzo la watazamaji pembeni mwa skrini lakini halisomeki, linapita mbio, na kompyuta inakwama. Wiki ya dabi tusi zito la nguoni lilikaa usoni mwa watu wote mpaka wazee wakatupigia simu. Watazamaji wanapenda kuona majina yao, kwa hiyo sitaki kuondoa komenti. Tufanyeje? Laptopu yetu ina RAM ya GB 8 na bajeti ni ndogo. Tunapokea pia meseji nyingi za WhatsApp, na tunafikiria kuingia TikTok.

Jibu: Ndugu yangu, salama. Maandishi madogo, kasi na lile tusi, yote matatu yametoka mahali pamoja, na huenda kukwama nako. Mmelichukua gumzo zima la YouTube mkalibandika kwenye picha. Gumzo lile limetengenezwa lisomwe na mtu mwenye simu mkononi, anayeweza kulisimamisha kwa kidole na kulirudisha juu akitaka. Likishachomwa ndani ya video hakuna wa kulisimamisha tena, hata wewe mwenye kipindi. Kwa hiyo ondoeni ile safu yote. Wekeni komenti moja kwa wakati mmoja, kubwa, chini ya skrini, ambayo mdogo wako ameichagua yeye mwenyewe. Yaliyobaki hapa chini ni namna ya kulifanya hilo bila kununua kompyuta nyingine.

Tuanze na nani anaona nini, maana wengi huruka hapa. Mtazamaji wa YouTube aliyeshika simu wima tayari ana gumzo chini ya video. Huyo ukimwekea safu ya gumzo ndani ya picha umemrudishia kitu anachokiona, tena kikiwa kidogo zaidi na kikiwa kimekula nafasi ya sura zenu. Wanaofaidika kweli na komenti ya ndani ya picha ni wengine: aliyelaza simu na kujaza skrini, anayetazama kwenye runinga sebuleni na familia, anayekuja kesho yake kutazama marudio, na yule anayetumiwa kipande cha dakika mbili kwenye WhatsApp. YouTube huhifadhi gumzo na kulionyesha wakati wa marudio, lakini ukikata video kwenye kihariri chake baada ya kipindi, lile gumzo haliendi nayo. Kipande cha WhatsApp hakina gumzo kabisa. Mchambuzi anasikika akisema "huyu bwana amenishika pabaya" na mtazamaji hajui bwana gani wala amesema nini. Kwa ajili ya hao, komenti moja inayosomeka ina kazi kubwa kuliko ishirini zinazokimbia.

Sasa ukubwa. Picha yenu nadhani ni ya 1920 kwa 1080. Simu nyingi zikishikwa wima, upana wa video juu ya kioo ni kama sentimita 7, yaani milimita 70 zimegawanywa kwa piseli 1920. Herufi ya piseli 24, ambayo kwenye laptopu yenu inaonekana nzuri tu, kwenye simu hiyo inakuwa na urefu usiofika milimita moja. Hakuna atakayesoma. Piseli 48 inakaribia milimita 1.8, na hapo ndipo mtu wa kawaida anaanza kusoma bila kukunja uso. Usishuke chini ya 44. Kwa ukubwa huo, kisanduku chenye upana wa piseli 1500 hubeba herufi 60 na kidogo kwa mstari, na mistari miwili inatosha komenti ya herufi mia na ishirini hivi. Iliyozidi hapo mdogo wako aiache, au wewe uisome kwa mdomo bila kuiweka. Kisanduku kikae juu kidogo ya ukingo wa chini, kama piseli 80, kwa sababu mtazamaji akigusa skrini mstari wa muda wa YouTube unatokea palepale na kufunika maandishi. Jina liwe kwa rangi moja, komenti kwa nyeupe, na nyuma yake pawe na giza zito, si kivuli chepesi, maana nyuma yenu kuna jezi na mabango.

Na rangi ya kisanduku chenyewe, nakuomba, isiwe nyekundu wala kijani wala njano. Nasema hili kwa uzito wote. Kipindi cha soka Tanzania kikiweka komenti kwenye kisanduku chekundu, nusu ya gumzo usiku huo itakuwa kujadili kwamba ninyi ni Simba. Kijivu cha mkaa hakina timu.

Jambo la pili la kulielewa kabla ya kugusa programu ni ucheleweshaji. Wewe unapouliza "tupeni matokeo yenu ya kesho", sauti yako haifiki kwa mtazamaji saa hiyo hiyo. YouTube ina ngazi tatu za ucheleweshaji kwenye mipangilio ya laivu. Kwa ngazi ya kawaida mtazamaji anaweza kuwa nyuma yako sekunde 20 au zaidi. Kwa ngazi ya chini, wengi huwa nyuma kwa chini ya sekunde 10, na kwa ile ya chini kabisa, chini ya sekunde 5. Piga hesabu: swali linafika baada ya sekunde 20, mtu anafikiri na kuandika kwa sekunde 15, mdogo wako anachagua kwa sekunde 5. Zimekwisha 40 na wewe umeshahamia mechi nyingine. Ndiyo maana komenti kwenye vipindi vingi zinaonekana kama zinajibu kitu kingine.

Wekeni ngazi ya chini, ile ya katikati. Ile ya chini kabisa inavutia, lakini inamwachia mtazamaji akiba ndogo ya video kwenye simu yake, na mwenye mtandao wa kuyumba ataanza kuona duara linazunguka. Watazamaji wenu wengi wako kwenye bando, si kwenye nyaya. Halafu badilisha desturi ya utangazaji: uliza swali, kisha endelea kuzungumza jambo lako kwa nusu dakika nzima kabla ya kugeukia komenti. Watangazaji wa redio wa simu za wasikilizaji wanaijua sana mbinu hii, wanapiga wimbo. Ninyi hamna wimbo, mna ubishi.

Tuje kwenye zana. Ile njia mliyotumia naijua: mmefungua gumzo la YouTube kwenye dirisha lake, mmenakili linki yenye neno live_chat, mmeibandika OBS kwenye chanzo cha aina ya Browser, yaani kile kinachoonyesha ukurasa wa wavuti ndani ya picha. Inafanya kazi, lakini linki ile imebeba namba ya utambulisho wa video, na kila laivu mpya ina namba mpya. Ndiyo maana kila Jumamosi mnaanza kuhangaika upya dakika tano kabla ya hewani. Pia inaleta gumzo la YouTube peke yake. Mtu wa Facebook anaandika mpaka anachoka, hatajwi, anahama.

Njia ninayowapendekezea ni Social Stream Ninja. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ipo kama kiendelezi cha Chrome na pia kama programu ya kujitegemea. Inafanya hivi: unafungua madirisha ya gumzo la YouTube na la laivu yenu ya Facebook kwenye kivinjari, yenyewe inasoma komenti zinavyoingia na kuzikusanya kwenye ukurasa mmoja. Huo ndio ukurasa wa mdogo wako. Anaona komenti zote za pande mbili zikishuka, na akibofya moja, hiyo moja tu inatokea kwenye ukurasa wa pili, ambao hauna kitu kingine zaidi ya komenti iliyochaguliwa. Ukurasa huo wa pili ndio unaoingia OBS kama chanzo cha Browser. Akibofya nyingine, ya kwanza inaondoka. Akiifuta, skrini inabaki safi.

Uzuri wake kwenu ni mambo mawili. Linki ya ukurasa wa OBS imefungwa kwenye kitambulisho cha kikao chenu, haijafungwa kwenye namba ya video, kwa hiyo mkiiweka mara moja inabaki ileile wiki zote. La pili, ule ukurasa wa kuchagua unaweza kufunguliwa kwenye kifaa kingine chenye linki yenye kitambulisho kilekile. Mdogo wako anaweza kukaa pembeni na simu au kishikwambi, akachagua komenti bila kugusa laptopu inayorusha. Kitambulisho hicho kitunzeni kama nywila, maana mwenye nacho anaweza kuingilia komenti zenu. Usije ukafungua ukurasa huo huku skrini nzima iko hewani.

Angalizo moja ambalo huwashinda wengi wiki ya kwanza: yale madirisha ya gumzo ya YouTube na Facebook yasishushwe chini ya kompyuta. Chrome hupunguza kasi ya ukurasa ambao hauonekani, na komenti zikaanza kuja kwa mafungu au zikakatika. Yafanyeni madogo, yapangeni kwenye kona ya skrini, yawe yanaonekana walau kidogo. Na kwenye dirisha la YouTube, juu kabisa pana chaguo la gumzo bora na gumzo lote. Kwa kawaida huanza na gumzo bora, ambalo YouTube imelichuja yenyewe. Kwa kazi ya kuchagua, wekeni gumzo lote, mradi macho ya mtu yapo. Komenti nzuri ya mtu mpya hupotea kwenye lile lililochujwa.

Kwenye OBS, chanzo hicho cha Browser kipe upana wa 1600 na kimo cha 300 badala ya kukipa ukubwa wa skrini nzima. Chini yake pana kisanduku cha CSS (maelekezo ya muonekano wa ukurasa) ambacho tayari kina mstari wa kuifanya nyuma iwe wazi. Mstari huo msiufute, ukifutwa mnaweza kuona ubao mzima juu ya nyuso zenu. Pana pia visanduku viwili vya kutia alama, kimoja cha kuzima chanzo kisipoonekana na kingine cha kukipakia upya kila tukio (scene, yaani mpangilio mmoja wa picha) linapobadilika. Viacheni vyote viwili bila alama. Mkiviwasha, kila mtakapohama kutoka kamera kwenda kwenye jedwali la ligi, komenti iliyokuwa hewani inapotea.

Kuna njia nyepesi zaidi, na kama kompyuta itaendelea kukwama baada ya hayo yote, rudini kwenye hii. OBS ina chanzo cha maandishi ambacho kinaweza kusoma faili ya kawaida ya txt. Fungua Notepad, tengeneza faili iitwe komenti.txt, kisha kwenye chanzo cha maandishi washa chaguo la kusoma kutoka kwenye faili na uielekeze huko. Mdogo wako ananakili komenti, anaibandika pale, anaandika jina mbele yake, anabonyeza Ctrl na S. Ndani ya muda mfupi maandishi yanabadilika hewani. Weka ukomo wa upana kwenye chanzo hicho ili mistari ijikunje yenyewe, la sivyo komenti ndefu itatoka nje ya picha kwenda upande wa pili. Emoji hazitoki vizuri kwa njia hii, na picha ya mtu haipo. Lakini haitumii kivinjari hata kimoja kuonyesha komenti, na kompyuta haitasikia uzito wowote. Nimeona vipindi vizito vikiendeshwa kwa faili ya Notepad na mtazamaji asijue.

Njia ya tatu ni studio za mtandaoni kama StreamYard, ambako komenti za YouTube na Facebook zinakuja pembeni na unabofya moja ionekane. Ni rahisi kuliko zote kujifunza, na ina faida kwamba ninyi mnapakia video mara moja tu, yenyewe inaigawa kwa mitandao mingine, kulingana na kifurushi mlichochukua. Kifurushi cha bure kinaweka nembo yao kwenye picha yenu, na kuiondoa ni malipo ya kila mwezi. Ukitaka kubaki na muonekano wenu wa OBS, unaweza kuupeleka huko kwa kamera pepe ya OBS, ila kwa RAM ya GB 8 mtakuwa mnaibana sana mashine.

Kwa kuwa umesema mnarusha YouTube na Facebook kwa pamoja, angalia hesabu ya bando. Kwa kilobiti 2500 kwa sekunde, saa moja ya laivu inakula takribani GB 1.1 ya kupakia. Kama OBS yenu ndiyo inayotuma mara mbili, ni GB 2.2 kwa saa na mtandao lazima ubebe megabiti 5 kwa sekunde bila kuyumba. Inawezekana kabisa kwamba kukwama unakokuona hakutokani na komenti. Fungua dirisha la takwimu ndani ya OBS wakati wa majaribio, lina mistari mitatu ya fremu (picha moja moja za video) zinazopotea. Zikipotea kwenye mstari wa mtandao, tatizo ni upakiaji, punguzeni zile kilobiti kwa sekunde. Zikipotea kwenye usimbaji, yaani kazi ya kubana video kabla ya kuituma, kichakataji kimezidiwa: kama ni cha Intel, hamisheni usimbaji kwenda QuickSync, inayotumia sehemu ya picha ya Intel, badala ya x264 inayokibebesha kichakataji chenyewe. Zikipotea kwenye uchoraji wa picha, hapo ndipo vyanzo vya Browser vinashutumiwa, kwa sababu kila kimoja ni kivinjari kizima kinachofanya kazi ndani ya OBS. Kiwe kimoja tu. Nimewahi kuona OBS ya mtu ina vinne: gumzo, saa, jedwali na tangazo la mdhamini. Saa na tangazo vilikuwa picha tu, havikuhitaji kivinjari.

Sasa tufike kwa mdogo wako, kwa sababu programu yoyote utakayochukua, kazi yenyewe ni yake. Kuanzia Jumamosi hii asishike kamera, asibadilishe matukio, asijibu simu. Achague komenti tu. Kama hakuna mwingine wa kubadilisha matukio, utabadilisha wewe mtangazaji kwa kitufe cha kibodi. Kamera inaweza kubaki ileile dakika tano bila mtu kulalamika.

Kwanza aiachie YouTube kazi inayoweza kuifanya yenyewe. Kwenye mipangilio ya chaneli mnaweza kuzuia linki kwenye gumzo, kushikilia komenti zinazotiliwa shaka hadi zikaguliwe, na kuweka orodha ya maneno yaliyozuiwa. Hapo kwenye orodha Kiswahili kina kazi yake. Ukiandika "mpumbavu" peke yake, usitegemee kwamba "wapumbavu" na "upumbavu" vitashikwa. Kila tusi liandikeni kwa umoja na kwa wingi, kwa kiambishi cha kila ngeli linakopenda kukaa, na kwa vitenzi vyake vya kutendwa na kutendeshwa, halafu muongeze yale yanayoandikwa kwa namba badala ya herufi, sifuri badala ya o na moja badala ya i. Ni kazi ya jioni moja isiyopendeza, mtacheka na mtaona haya, lakini mkishaimaliza hamuirudii. Wiki ya dabi washeni pia hali ya polepole, ambayo inamlazimu mtu asubiri sekunde kadhaa kabla ya kutuma nyingine. Na wapeni watazamaji wawili mnaowaamini usimamizi wa gumzo, mmoja wa kila upande, Msimbazi (Simba) na Jangwani (Yanga). Wakiwa wote wa upande mmoja, kila komenti iliyofutwa itageuka kesi.

Hata hivyo, jueni kwamba kufuta komenti kwenye gumzo hakufuti kilichokwisha kuonekana kwenye picha. Lile tusi la wiki ya dabi bado limo kwenye marudio mpaka mlikate. Ndiyo sababu ninashikilia mkono wa mtu: kisichobofywa hakionekani, basi.

Matusi ndiyo hatari inayojulikana. Zipo mbili mbaya zaidi ambazo mchaguzi asiye makini atazipitisha kwa sababu zina lugha ya heshima. Ya kwanza ni namba ya simu. "Ndugu watangazaji, nimetuma zawadi ya mshindi kwenye namba hii" inasomeka vizuri, na ikikaa sekunde kumi kwenye skrini yenu, watazamaji wataichukulia kwamba ni namba ya kipindi. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawajaacha kazi, wamehamia kwenye gumzo za laivu. Komenti yenye namba ya simu haionyeshwi, hata ikiwa ya mtu mnayemfahamu. Ya pili ni uvumi kuhusu mtu: mchezaji fulani kafumaniwa, refa fulani kala mlungula, kocha fulani ana ugonjwa. Kwenye gumzo ni neno la mtu mmoja kati ya mia tatu. Mkiliinua kwa herufi za piseli 48 na sauti ya mtangazaji ikalisoma, limekuwa neno la kipindi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zilizorekebishwa mwaka 2022 na kusimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinamwangalia mwenye chaneli, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo pia. Kama hamjakaa na mtu wa kuwaeleza leseni ya kipindi kama chenu, kaeni naye kabla ya kukua zaidi.

Kwa upande wa kuchagua kilicho kizuri, mfundishe ladha. Komenti ya "nawasalimu kutoka Muscat" ina thamani yake, inamfurahisha aliyeko mbali na inawaonyesha wengine mnasikilizwa hadi wapi. Lakini zikiwa kumi mfululizo, kipindi kinageuka salamu za redio. Aziweke mwanzoni mnapongoja watu wakusanyike, na mwishoni. Katikati aweke komenti zinazokupinga. Ukisema beki wa kushoto ndiye aliyeleta bao, atafute aliyeandika "rudia dakika ya 63, kiungo ndiye hakurudi". Komenti ya namna hiyo inakupa maneno ya dakika tatu. Aiache hewani mpaka umalize kuijibu, na wewe uisome kwa sauti kila mara, jina kwanza, kwa sababu wapo wanaowasikiliza huku wanaosha vyombo au wako njiani simu ikiwa mfukoni. Asihariri maneno ya mtu. Kosa la tahajia liache lilivyo.

Watazamaji wa Facebook watakuuliza kwa nini wengine wanatokea bila jina, wameandikwa tu kama mtumiaji wa Facebook. Hilo hutokea kwenye studio za mtandaoni pale mnaporusha kwenye akaunti binafsi, kwa sababu Facebook haitoi jina la mtu hadi mwenyewe aruhusu. Rusheni kwenye ukurasa wa kipindi, majina yatakuja.

Meseji za WhatsApp ni jambo lingine kabisa. Aliyeandika kwenye gumzo la YouTube ameandika hadharani. Aliyekutumia WhatsApp amekuandikia wewe. Msirushe kabisa dirisha la WhatsApp Web hewani: namba za watu zinaonekana, na majina yanatokea kama mlivyoyahifadhi. Mtazamaji wenu wa miaka mingi hatafurahi kujikuta hewani kama "Hamisi Deni la Kamera". Tangazeni mwanzoni mwa kipindi kwamba atakayetuma kwenye namba ya kipindi, jina lake la kwanza na ujumbe wake vinaweza kuonekana kwenye skrini, kisha mtumie ile faili ya komenti.txt: jina la kwanza, mahali alipo, maneno yake. Sauti za WhatsApp zicheze tu baada ya mdogo wako kuzisikiliza hadi mwisho kwa spika za masikioni. Tusi huwa linakaa sekunde ya mwisho.

Kabla ya Jumamosi fanyeni laivu ya majaribio YouTube mkiiweka kama ambayo haijaorodheshwa, ili asiyepewa linki asiione. Rafiki mmoja aandike komenti kutoka kwenye simu yake, mdogo wako aibofye, na wewe ushike simu nyingine wima uone kama inasomeka kwa urefu wa mkono. Hapo pia mtapima kwa saa muda kati ya kubofya na kuonekana.

TikTok ingieni, lakini huko komenti msiweke ndani ya picha. Video yake ni ya wima, 1080 kwa 1920, na programu yenyewe tayari inaonyesha komenti juu ya video, sehemu ya chini kushoto. Kisanduku chenu kitaangukia palepale na vyote viwili havitasomeka. Tengenezeni tukio tofauti la wima kwenye OBS (kulirusha pamoja na lile la kulala kunahitaji programu-jalizi ya picha ya wima), lenye nyuso zenu na jina la kipindi juu, theluthi ya chini iachwe wazi. Komenti za TikTok mnaweza kuzikusanya kwenye ukurasa uleule wa mdogo wako pamoja na nyingine, zikaonekana YouTube na Facebook, na kule TikTok ukazisoma kwa mdomo.